Antibiotiki katika maabara ya tishu na uhamishaji wa jeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa mwanafunzi aliyeletwa mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya mimea, kwa mzalishaji wa miche anayetaka kufungua chumba chake cha chupa, na kwa mkulima wa muhogo au korosho aliyesikia antibiotiki zikitajwa kwenye mche anaouziwa. Wote hao hatimaye huuliza jambo moja: dawa inayoua bakteria inaufanya nini mmea wenyewe? Wengi huamini kwamba haiufanyi kitu. Inaufanya mengi, na ndiyo maana baadhi ya majibu ni marefu.

Mche wa tishu ni mche wa GMO, yaani uliohamishiwa jeni?

Hapana. Kukuza tishu ni kuchukua kipande kidogo cha mmea, kukisafisha, na kukiotesha ndani ya chupa yenye sukari, chumvi za madini, vitamini na homoni. Mchanganyiko huo wa chakula huitwa midia, na inayotumika zaidi duniani ni ile ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, yenye sukari gramu 30 kwa lita. Mche unaotoka humo una jeni zilezile za mama yake. Uhamishaji wa jeni ni kazi nyingine kabisa. Huo hutumia tishu kama njia ya kupita, lakini si kila anayeotesha kwenye chupa anahamisha jeni.

Na miche mingi ya kawaida, iwe migomba au muhogo, hutoka maabara bila kuonja antibiotiki hata tone.

Basi antibiotiki zinaingia wapi?

Mahali pawili pakubwa. Kwanza, kuua bakteria wasiotakiwa. Katika uhamishaji wa jeni mtafiti humtumia *Agrobacterium tumefaciens*, bakteria wa udongo ambaye kwa asili husababisha uvimbe kwenye shina la mmea na ana uwezo wa kuingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli. Akishamaliza kazi hiyo, baada ya siku 2 au 3 za kukaa na kipande, lazima aondolewe. Asipoondolewa, anafunika kila kitu.

Pili, kuchuja. Kati ya maelfu ya seli zilizoguswa na bakteria huyo, chache ndizo zilizopokea jeni. Kwa hiyo jeni inayotakiwa huambatanishwa na jeni nyingine ya ukinzani, kisha tishu zote huwekwa kwenye dawa. Seli zilizopokea zinaishi na nyingine zinakufa. Mwaka 1983 makundi ya watafiti Ubelgiji na Marekani yalionyesha njia hii kwa kutumia jeni ya ukinzani dhidi ya kanamaisini, na mpaka leo jeni hiyo, *nptII*, ni miongoni mwa zinazotumika zaidi.

Usichanganye kazi hizi mbili. Ya kwanza inataka dawa isiyougusa mmea. Ya pili inataka dawa inayoudhuru mmea kwa kiasi unachokijua. Nimeona wanafunzi wakizipanga zote kwenye rafu moja na kuziita "dawa za bakteria", halafu wakashangaa majani kuwa meupe.

Kwa nini dawa ya bakteria inadhuru mmea, wakati mmea si bakteria?

Kwa sababu ndani ya kila seli ya jani kuna kitu chenye asili ya bakteria. Kloroplasti, zinazobeba umbijani, na mitokondria, zinazozalisha nishati, zina ribosomu zao zenyewe, yaani viwanda vidogo vya protini, zinazofanana na za bakteria. Kanamaisini, streptomaisini, jentamaisini na ndugu zao hushika ribosomu za aina hiyo na kuharibu utengenezaji wa protini. Bakteria anakufa, na kloroplasti nazo zinakwama. Ndiyo sababu chipukizi lililowekwa kwenye kanamaisini bila jeni ya ukinzani halifi siku hiyohiyo. Linaanza kuwa jeupe, hasa majani mapya, kisha linadumaa na mwisho linakauka.

Spektinomaisini nayo inafanya kazi kwenye kloroplasti, na watafiti wanaotaka kubadilisha DNA ya kloroplasti yenyewe huitumia makusudi, kwa tumbaku hadi miligramu 500 kwa lita. Haigromaisini ni kali zaidi kwa sababu haibagui: inagusa ribosomu za kloroplasti na zile za seli nzima. Mmea unakufa haraka. Hata kwa binadamu ni sumu, kwa hiyo usiishike bila glavu na miwani.

Nafaka nyingi kwa asili huvumilia kanamaisini. Anayefanya mpunga akitegemea kanamaisini peke yake atabaki na vipande vya kijani visivyo na jeni yoyote. Kwa mpunga wengi hutumia haigromaisini, kama miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Kwa muhogo hutumika zaidi paromomaisini au haigromaisini.

Dawa zipi humwondoa agrobakteria, na je, hazina madhara?

Sefotaksimu na kabenisilini hutumika mara nyingi kati ya miligramu 250 na 500 kwa lita. Ipo pia Timentin, ambayo ni tikasilini iliyounganishwa na klavulanati. Zote hizi ni za ukoo wa penisilini na sefalosporini. Zinazuia bakteria kujenga ukuta wake, na ukuta huo umejengwa kwa kitu ambacho ukuta wa seli ya mmea hauna. Ndiyo maana zinasemwa kuwa laini kwa mmea.

Laini ndiyo, lakini zina athari. Kabenisilini inapovunjika hutoa asidi ya fenilasetiki, na asidi hiyo inafanya kazi kama auksini. Hapo unakuwa umemwaga homoni ambayo hukuipanga. Kipande kinaweza kuumuka kalusi nyingi, yaani donge la seli zisizo na umbo, na kukataa kutoa machipukizi, nawe unahangaika kubadilisha saitokinini, homoni ya machipukizi, wakati chanzo ni dawa. Sefotaksimu kwa upande wake imeonekana kuchochea ukuaji na uotaji wa machipukizi kwenye kalusi za ngano, ilhali kwenye mimea mingine, hasa dozi ikipanda, inapunguza machipukizi au kuchelewesha mizizi. Na kuna aina ya kuvumwani ambao dawa za ukoo huu huzuia kloroplasti zake kugawanyika. Neno "salama" kwenye chupa ya dawa lilipimwa kwa mmea fulani, nalo halihami kwenda kwenye wako.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kununua chochote ni aina ya agrobakteria uliyo nayo. Aina inayoitwa AGL1, kwa mfano, tayari ina ukinzani dhidi ya kabenisilini. Ukimmwagia dawa hiyo unapoteza pesa. Timentin inamfikia kwa sababu klavulanati huzuia kimeng'enya anachotumia kujikinga.

Nitumie dozi gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu halibadiliki: ipime mwenyewe, kwa mbegu yako, kwa kipande unachotumia, kwenye midia yako. Dozi ya kwenye makala ni mahali pa kuanzia tu. Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, kwa kawaida huchujwa kwa kanamaisini miligramu 50 kwa lita, tumbaku kwa 100, na vipande vya miti mingi hufa vyote kabla ya kufika huko. Hata ndani ya muhogo, dozi uliyoipata kwa Kiroba usiidhanie kuwa ya mbegu nyingine mpaka umeijaribu.

Jaribio lenyewe halina ufundi mkubwa. Chukua vipande ambavyo havijaguswa na agrobakteria. Andaa midia yenye kanamaisini miligramu 0, 10, 25, 50, 75 na 100 kwa lita. Weka vipande vya kutosha kwenye kila dozi, 20 au zaidi, na urudie kundi zima angalau mara tatu kwa siku tofauti. Subiri wiki 4 hadi 6. Kila wiki andika vingapi ni vya kijani, vingapi vimekuwa vyeupe, vingapi vimetoa chipukizi. Kisha chagua dozi ya chini kabisa inayozuia machipukizi yote.

Kwa nini ya chini kabisa, na si ile iliyoua yote kwa wiki moja? Kwa sababu seli chache zilizopokea jeni zinaishi katikati ya umati wa seli zinazokufa. Seli zikifa kwa kishindo zinamwaga fenoli na sumu nyingine, na zile ulizozitafuta zinakufa pamoja nazo. Unataka wasio na jeni wasimame polepole, walionayo wapate nafasi ya kukua. Kwa mimea migumu wengine huacha siku chache za kupumzika, wakiwa na dawa ya kuondoa agrobakteria peke yake, kabla ya kuanza kuchuja.

Ukimaliza, rudia jaribio ukiwa umeongeza sefotaksimu au dawa nyingine utakayotumia. Dawa mbili pamoja zinaweza kuukaba mmea kuliko kila moja peke yake, na hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Ipime pia hatua ya mizizi kivyake. Mizizi ni myepesi kudhurika kuliko majani, na dozi ambayo chipukizi limeivumilia inaweza kuzuia mizizi isitoke kabisa.

Angalia pia lebo ya poda. Miligramu 1 ya kanamaisini salfeti haina miligramu 1 ya nguvu ya dawa; mara nyingi ni takribani mikrogramu 750. Maabara mbili zinazosema "50" huenda moja imepima uzito na nyingine nguvu.

Chupa zangu zimeota nyuzi nyeupe. Niongeze kanamaisini?

Usiongeze. Nyuzi ni kuvu, na kuvu hawaguswi na kanamaisini wala sefotaksimu. Kinachoumia hapo ni mmea wako peke yake. Toa chupa hizo nje zikiwa zimefungwa, zipitishe kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, kabla ya kuzifungua, kisha kagua kabati la hewa safi na vichujio vyake. Kwetu huku mvua zikianza na unyevu ukipanda, kuvu huingia kwenye chumba cha kuoteshea kupitia mapazia, maboksi na hata makoti yaliyoanikwa ndani.

Bakteria waliisha kwa antibiotiki, nilipohamishia chupa mpya wakarudi. Kwa nini?

Kwa sababu hawakuisha. Dawa nyingi kwa dozi ambayo mmea unaivumilia humzuia bakteria asizaliane bila kumuua, naye hurudi kama ukoka uliofyekwa bila kung'olewa. Wengine wanaishi ndani kabisa ya tishu, kwenye mishipa, mahali ambapo jiki na spiriti ya asilimia 70 havifiki.

Maoni yangu hapa ni makali. Mzalishaji wa miche anayeweka antibiotiki kwenye kila chupa ili asione uchafuzi anauza uchafuzi. Mche utaonekana safi chumbani, utatoka kwenda kwenye kitalu Newala au Nachingwea, na bakteria watajitokeza huko mmea ukiwa dhaifu. Halafu, dozi ndogo ya muda mrefu ndiyo njia ya uhakika ya kuzalisha bakteria sugu. Anza na mmea mama mwenye afya, aliyekuzwa mahali pakavu na kumwagiliwa chini, si juu ya majani. Kata ncha ndogo ya ukuaji. Jaribu kipande kwenye midia ya bakteria kabla ya kuzalisha kwa wingi, na kilicho na bakteria kitupe. Ukilazimika kutumia dawa kuokoa mbegu adimu, tumia kwa muda mfupi, kisha jaribu tena midia ikiwa haina dawa.

Antibiotiki zinaondoa batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo?

Haziondoi. Magonjwa hayo mawili husababishwa na virusi, na antibiotiki haziwezi kitu kwa virusi. Swali hili ni zito kwetu, kwa sababu ukanda wa pwani ndio makao ya zamani ya michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 kutokana na kazi iliyofanyika Amani, Tanga, na mkulima wa huku anaufahamu pale anapong'oa muhogo wenye majani mazuri akakuta kiazi kimeoza kwa ndani.

Kinachosaidia ni kuweka mmea kwenye joto la kama nyuzi 36 hadi 38 kwa wiki kadhaa, kisha kukata ncha ya ukuaji isiyozidi nusu milimita na kuiotesha kwenye chupa. Virusi mara nyingi hawajafika hapo. Baada ya hapo mche lazima upimwe maabara, kwa sababu kutoka kwenye chupa hakuufanyi kuwa hauna virusi. Ukiuziwa pingili kwa maneno kwamba "zimepigwa antibiotiki", rudi na pesa yako.

Na mikorosho?

Mkorosho ni mgumu kwenye chupa. Kipande kinamwaga fenoli, midia inakuwa nyeusi, na kipande kinakufa kabla hata ya bakteria kufika. Weusi huo hautibiwi kwa antibiotiki. Hupunguzwa kwa kuhamisha kipande mara kwa mara, kukiweka gizani siku za mwanzo, na kutumia asidi ya askobiki au mkaa amilifu. Ila mkaa hunyonya pia homoni na dawa, kwa hiyo ukiuchanganya na antibiotiki hujui tena mmea unapata kiasi gani. Kwa sasa mkulima anayetaka mkorosho bora apate mche wa kubebesha kutoka kwenye kitalu kinachoaminika.

Ubwiriunga, blaiti na mnyauko fusari ni magonjwa ya kuvu. Antibiotiki hazihusiki. Ubwiriunga una salfa na viuakuvu vyake.

Naweza kuweka antibiotiki kwenye midia kabla ya otoklevu?

Kwa sefotaksimu, kabenisilini na wenzao, hapana. Nyuzi 121 kwa dakika 15 au 20 zinawavunja. Yeyusha poda kwenye maji yaliyotoneshwa, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22, kisha ongeza midia ikishapoa kufikia nyuzi 45 hadi 50, kabla agari, kigandishi cha midia, haijaganda. Kanamaisini huvumilia joto kuliko hizo, lakini ni heri zote zipite kwenye kichujio ili usikosee.

Mfano wa hesabu: gramu 1 ya sefotaksimu ndani ya mililita 10 za maji inakupa miligramu 100 kwa mililita. Ukitaka miligramu 250 kwenye lita moja ya midia, weka mililita 2.5.

Gawa akiba hiyo kwenye vichupa vidogo na uiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kila kichupa kikitumika mara moja tu. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaipunguza nguvu. Hapa kwetu shida ni umeme kukatika usiku bila mtu kujua. Weka kichupa chenye maji yaliyoganda kikiwa kimesimama, kisha kilaze. Ukikuta barafu imeganda upya kwa mkao mwingine, ujue friza iliyeyuka, na akiba ya sefotaksimu usiiamini. Iliyogeuka njano iliyokolea itupe moja kwa moja. Hata kwenye midia dawa hizi hupungua nguvu siku hadi siku, haraka zaidi chumba kikiwa na joto, kwa hiyo hamisha vipande kila baada ya wiki moja hadi mbili.

Dawa za duka la dawa zinafaa?

Vidonge na kapsuli visahau, vina unga wa kujazia. Sefotaksimu ya sindano ni poda isiyo na viongezi na inayeyuka vizuri, lakini ni dawa ya binadamu ya cheti cha daktari. Maabara inayofanya kazi kihalali iagize dawa ya daraja la maabara yenye cheti cha ubora.

Chipukizi limebaki kijani kwenye kanamaisini. Limepokea jeni?

Huenda. Machipukizi mengine yanakingwa na majirani zao, au hayakugusa midia. Mengine ni mchanganyiko, upande mmoja una jeni na mwingine hauna. Likate, liotesheze mizizi kwenye kanamaisini. Likitoa mizizi humo, matumaini yanaongezeka. Kisha pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta jeni fulani ndani ya DNA. Na hapa pana mtego: agrobakteria aliyejificha ndani ya tishu ana jeni ileile unayoitafuta, kwa hiyo PCR itasema ndiyo hata kama mmea hauna kitu. Pima pamoja na jeni ya bakteria isiyohamia kwenye mmea, kama *virG*. Ikionekana, bakteria bado yumo.

Antibiotiki zinaweza kubadilisha mmea hata baada ya kuondolewa?

Kuna ushahidi wa hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kwenye tumbaku iliyokuzwa kwa tishu ulionyesha kwamba kanamaisini, haigromaisini na sefotaksimu ziliongeza alama za methili kwenye DNA, alama ambazo huamua jeni ipi iwake na ipi izimike. Kwa hiyo ukilinganisha mmea wenye jeni mpya na usio nayo, mmea wa kulinganishia upitie tishu pia, vinginevyo utaisifu au kuilaumu jeni kwa kazi ya dawa.

Jeni ya ukinzani ikiwa kwenye chakula, dawa za hospitali hazitashindwa?

Hofu hii naiheshimu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliipitia *nptII* mwaka 1994, wakati nyanya ya GMO iitwayo Flavr Savr ilipoingia sokoni, na kuiruhusu. Uwezekano wa jeni kutoka kwenye mmea ulioliwa kwenda kwa bakteria ni mdogo mno. Hata hivyo Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2001, ulitaka jeni za ukinzani zinazoweza kuathiri tiba ya watu ziondolewe hatua kwa hatua. Binafsi nauunga mkono mwelekeo huo, kwa kuwa njia nyingine zipo: jeni inayowezesha mmea kutumia sukari ya manosi, au kuiondoa jeni ya ukinzani kazi ikishakwisha.

Naweza kufanya uhamishaji wa jeni hapa Mtwara kwa hiari yangu?

Hapana. Tanzania ina Kanuni za Usalama wa Bayoteknolojia za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na kazi hiyo inahitaji kibali. Majaribio ya shambani ya mahindi ya GMO yaliyoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 yalisitishwa na serikali Januari 2021. Kukuza tishu za kawaida hakumo kwenye kizuizi hicho.

Midia iliyobaki na dawa niimwage wapi?

Si kwenye sinki, wala shimo la nyuma ya maabara. Otoklevu inaua bakteria na kuvunja sefotaksimu, lakini kanamaisini na jentamaisini kwa sehemu kubwa zinabaki. Pitisha kwanza kwenye otoklevu, kisha kusanya midia yenye dawa hizo kwenye chombo kilichoandikwa jina la dawa na tarehe, na ipelekwe kwenye tanuri la kuchomea taka za dawa. Chupa zenye agrobakteria wenye jeni mpya zisitoke nje ya mlango wa maabara kabla ya kupita kwenye otoklevu, hata kama anayeziomba ni jirani anayetaka za kuwekea asali.